Kusoma Hadithi za Ajabu kwa Jicho la Mwandishi



Katika jumuiya ndogondogo zetu huku Kibamba, mzazi akimkuta kijana wake amezama katika kitabu chenye picha ya joka au chombo cha angani, swali huwa moja: "Hicho nacho kitakusaidia nini?" Wengine huongeza kwa hofu, "Si ndiyo mambo ya kichawi hayo?" Sisi mafrateri tunaosoma falsafa tunaulizwa vilevile, ila kwa upole zaidi: kwa nini upoteze muda kwa mambo yasiyokuwepo, wakati Aristotle na Mtakatifu Thoma wanakusubiri mezani?

Somo hili linajibu swali hilo. Ninaposema hadithi za ajabu nina maana ya aina mbili. Ya kwanza ni fantasia, yaani hadithi ya ulimwengu wenye mambo yasiyowezekana katika ulimwengu wetu: wanyama wanaosema, pete zenye nguvu, nchi zinazoelea. Ya pili ni hadithi ya kisayansi, inayojenga mambo yake juu ya vyombo na maarifa ambayo bado hatujayafikia. Hoja yangu ni kwamba anayezisoma huku akichunguza jinsi mwandishi alivyozijenga anajifunza utambuzi, na utambuzi huo unahitajika sana mitaani kwetu.

1. Je, kubuni ni kusema uongo?

Tuanze na Emau. Katika Injili ya Luka, sura ya 24, wale wafuasi wawili wanapokikaribia kijiji, Yesu anafanya kana kwamba anaendelea na safari. Je, Bwana aliwadanganya? Mtakatifu Augustino alilikabili swali hilo, na Mtakatifu Thoma wa Akwino akalirudia jibu lake katika Summa. Kwa ufupi: si kila tunachobuni ni uongo. Kubuni kusikoashiria kitu chochote ndiko uongo, bali kubuni kunakoelekeza kwenye maana fulani ni sura ya ukweli.

Maandiko yenyewe yana mfano ulio wazi. Katika Waamuzi, sura ya 9, Yothamu anasimama juu ya mlima Gerizimu na kuwasimulia watu wa Shekemu habari za miti iliyotoka kwenda kujitafutia mfalme. Mzeituni unakataa, mtini unakataa, mzabibu nao unakataa. Mti wa miiba unakubali. Yothamu hakuwa na haja ya kuwaaminisha watu kwamba miti huzungumza. Mti wa miiba ulikuwa Abimeleki, aliyewaua ndugu zake ili atawale, na wao ndio waliomtawaza.

Tukumbuke pia barua ya hayati Papa Fransisko ya tarehe 17 Julai 2024 kuhusu nafasi ya fasihi katika malezi. Mwanzoni aliifikiria kwa ajili ya malezi ya mapadre, kisha akaona inawafaa Wakristo wote. Kwa hiyo frateri anayesoma riwaya hajatoroka malezi.

2. Maswali manne

Msomaji wa kawaida huuliza, "Itakuwaje?" Anayesoma kwa jicho la mwandishi huuliza pia, "Kwa nini amefanya hivi?" Yafuatayo ni maswali manne ya kushika mkononi.

Swali la kwanza: ni kitu gani kimebadilishwa? Mwandishi mzuri habadilishi kila kitu. Plato, katika kitabu cha pili cha Jamhuri, anamfanya Glauko asimulie habari za mchungaji aliyeokota pete ya kumfanya asionekane. Wachungaji wengine, mfalme na malkia wote ni watu wa kawaida. Kilichobadilika ni pete tu, na kwa badiliko hilo moja tunaulizwa: kama hakuna atakayekuona, je, utabaki kuwa mwadilifu?

Swali la pili: kanuni zake ni zipi, na je, mwandishi anaziheshimu? Aristotle, katika kitabu chake kuhusu ushairi, anaona ni heri jambo lisilowezekana lakini linaloaminika kuliko jambo linalowezekana lakini haliaminiki. Tunakubali pete ya ajabu. Hatukubali pete inayofanya kazi pale tu mwandishi anapokwama.

Swali la tatu: nani analipa gharama? Nguvu ya ajabu isiyomgharimu mtu ni dalili ya hadithi dhaifu. J.R.R. Tolkien, Mkatoliki mwenzetu, katika The Lord of the Rings (1954–1955) alibuni pete ambayo nayo humficha anayeivaa. Lakini humla polepole kwa ndani, hata mwema akiivaa.

Swali la nne: msomaji anarudi nyumbani na nini? Tumetolewa katika ulimwengu wetu kwa muda. Je, tunarudi tukiuona vizuri zaidi, au tukiuchukia tu?

3. Mfano wa kwetu: Kusadikika

Tuyajaribu maswali haya kwa Shaaban Robert (1909–1962). Kusadikika ilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza. Ni habari za nchi iliyo angani. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria, naye anajitetea kwa siku sita akisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe alirudi na mambo ya manufaa, na kila mmoja alitupwa gerezani.

Kilichobadilishwa ni nini? Mahali tu. Baraza, waziri, mashtaka na jela tunavijua. Mwandishi ameinyanyua nchi na kuiweka hewani ili aweze kusema juu yake yale ambayo yangekuwa magumu kusemwa kama ingekuwa ardhini. Kanuni je? Kila anayeleta wema anaadhibiwa. Kanuni hiyo inarudi mara sita bila kuyumba, na msomaji anayelalamika kwamba hadithi inajirudia hajaona kwamba kujirudia ndiko ushahidi wenyewe wa Karama. Waliolipa gharama ni wajumbe. Na tunarudi na nini? Kitabu hakiishii katika hasira: Karama anaachiwa, na wajumbe wanafunguliwa. Mwandishi anatuonyesha kwamba hata baraza lililozoea kuhukumu linaweza kusikiliza.

Mkenya Katama Mkangi alipita njia ya hadithi ya kisayansi katika Walenisi (1995). Mtu aliyehukumiwa anatiwa katika chombo cha kumpeleka mautini, lakini chombo kinamfikisha kwenye ulimwengu ambako watu wanaishi kwa usawa. Litamke jina la kitabu polepole: wale ni sisi. Jina lenyewe linajibu swali la nne.

4. Kitabu kinapoigusa imani

Mfano mgumu zaidi ni Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944, akasoma Seminari ya Nyegezi, na kufariki Januari 2020. Nagona (1990) na Mzingile (1991) ni vitabu vyembamba, kila kimoja hakifiki kurasa mia moja, lakini vinamtoa jasho msomaji. Katika Mzingile, msimulizi anakwenda kumpa mzee mmoja wa ajabu habari za kifo cha mwanawe. Wahakiki wanamwona mzee huyo kama taswira ya Mungu. Baadaye dunia inaangamizwa, kisha panaonekana mwanzo mpya.

Mwamini afanye nini na kitabu cha namna hii? Wapo watakaokifunga, na wapo watakaokishangilia bila kufikiri. Mimi napendekeza tuulize swali la kwanza: kilichobadilishwa ni nini? Hapa Mungu yuko mbali, anahitaji kuletewa habari. Imani yetu inasema kinyume: Baba ndiye aliyemtuma Mwana, wala hakusubiri mjumbe wa kumwambia kilichotokea Kalvari. Tukishaona tofauti hiyo, tunaweza kuikataa kanuni ya kitabu na bado tukapokea changamoto yake. Ni Wakristo wangapi tunasali kana kwamba tunampelekea taarifa mzee aliyestaafu, ambaye asingejua lolote bila sisi?

5. Hadithi zisizo na jalada

Hapa ndipo penye uzito wa somo letu. Vitabu nilivyovitaja vinakiri kwamba ni vya kubuni. Vina jalada na jina la mwandishi. Lakini ziko hadithi za ajabu zinazozunguka mitaani bila jalada, na hizo ndizo zinazoua.

Katika Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu. Tuisome hadithi hiyo kama waandishi. Kilichobadilishwa: jicho lililoharibiwa na moshi wa kuni kwa miaka mingi jikoni limepewa maana ya uchawi. Kanuni yake: mgonjwa akipona, mganga ana uwezo, akifa, mchawi alimzidi nguvu. Kanuni inayokubali kila matokeo si kanuni, na mwandishi wa riwaya angechekwa kwa kuiandika. Anayelipa: bibi kizee. Mganga halipi kamwe, bali hulipwa, na pengine yuko jirani au ndugu anayelitolea macho shamba. Wasikilizaji wanarudi na nini? Na mapanga.

Hadithi ya kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino huleta utajiri ni ya jamii hiyohiyo. Waliolipa ni watoto na watu wazima wasio na hatia, na hakuna tajiri aliyewahi kusimama na kuonyesha hesabu zake. Anayeuza maji au mafuta kwa ahadi ya muujiza wa haraka naye aulizwe maswali yaleyale manne, hata akiwa ameshika Biblia.

Na imani yetu je? Tuiulize pia, bila woga. Haijaficha mahali wala mashahidi: Kanuni ya Imani inamtaja Ponsyo Pilato kwa jina. Na tukiuliza nani analipa gharama, jibu si mnyonge aliyetafutwa ili atolewe kafara. Mungu mwenyewe alijitoa. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko zote, na naamini mtu aliyezoea kuuliza swali la tatu anaiona upesi zaidi.

6. Zoezi la binafsi na la jumuiya

(a) Chagua hadithi moja ya ajabu, hata ile ya Sungura na Fisi uliyosimuliwa na bibi. Andika majibu ya maswali manne, mstari mmoja kwa kila swali.

(b) Soma tena Waamuzi 9:7–15. Kwa nini Yothamu alitumia miti badala ya kumtaja Abimeleki tangu mwanzo?

(c) Andika ukurasa mmoja wa hadithi yako mwenyewe. Badilisha kitu kimoja tu katika mtaa wako, kisha uiheshimu kanuni hiyo hadi mwisho.

(d) Katika jumuiya, itajeni hadithi moja isiyo na jalada inayosimuliwa mtaani kwenu sasa hivi. Nani anafaidika nayo? Nani atalipa ikiaminiwa? Mkishajua atakayelipa, mtembeleeni wiki hii.