Giaboksi ya Otomatiki: Soma Oili Kabla ya Kufungua

Mvua zikishika nyanda za Shinyanga, udongo mweusi wa mbuga hufura na kunata. Mwenye gari dogo anayeiacha lami ili kwenda kwenye machimbo madogo ya Kahama au Geita huweza kunasa papo hapo, na jambo la kwanza alifanyalo huwa ni kukanyaga eksileta. Ikiwa gari lake ni kuukuu na lina gia za otomatiki, dakika hizo chache zaweza kumgharimu giaboksi nzima. Sababu yake inaelezeka kwa fizikia ya sekondari.

Baina ya injini na giaboksi ya namna hii hakuna klachi ya kukanyagwa kwa mguu. Kuna chombo cha mviringo kiitwacho konveta, kilichojaa oili. Ndani yake mna mapangaboi yanayotazamana: moja huzungushwa na injini na kuirusha oili, la pili husukumwa na oili hiyo, likaizungusha giaboksi, na la tatu, dogo, huielekeza oili inaporudi. Gari likienda vizuri, mawili ya kwanza hukaribiana mwendo. Lakini magurudumu yakishikwa na tope yasizunguke, pangaboi la pili husimama huku la kwanza likiendelea, na nguvu yote ya injini huishia katika kuivuruga oili, yaani hugeuka joto.

Hebu tukadirie. Tuseme injini inatoa torki ya nyutoni-mita 100 kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, ambayo ni radiani 209 kwa sekunde. Nguvu yake ni 100 × 209, yaani wati 20,900. Tuchukue oili ya kilo 6, ambayo kila kilo huhitaji jouli 2,000 hivi ili ipande digrii moja. Oili yote itahitaji jouli 12,000, hivyo itapanda digrii 1.7 kila sekunde: digrii 100 kwa dakika moja! Ni kweli kwamba chuma hunyonya sehemu ya joto hilo na rejeta huondoa nyingine. Lakini oili iliyomo ndani ya konveta yenyewe hupata moto upesi kuliko hesabu hii.

Oili hiyohiyo ndiyo ibadiliyo gia. Pampu huipa kanieneo, nayo husukuma pistoni zinazobana sahani za msuguano. Pampu huzungushwa na injini. Ndiyo maana hata vijana ishirini hawawezi kuliwasha gari hilo kwa kulisukuma. Kwa sababu iyo hiyo lisivutwe mwendo mrefu magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini, kwani giaboksi huzunguka bila kulainishwa.

Miaka kadhaa iliyopita gari langu lilianza kuchelewa kuitika kila nilipotia D. Fundi mmoja alitaka kuifungua giaboksi siku ileile. Mwingine, mzee wa darasa la saba, alichomoa kijiti cha kupimia, akakipangusa kwa kitambaa cheupe, akanusa. Oili ilikuwa nyekundu na safi, ila pungufu; ilikuwa ikivuja penye ekseli. Nami, pamoja na shahada yangu ya ughaibuni, sikuwa nimekumbuka kukichomoa kijiti hicho.

Magari mengi ya zamani hupimwa mahali tambarare, injini ikiwa ya moto na inaunguruma, baada ya kuipitisha liva katika gia zote na kuirudisha P. Machache hupimwa injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo kitabu cha gari kisomwe kwanza. Oili ikipungua, pampu huvuta hewa na gia huteleza. Ikizidi, hutoa povu, na matokeo ni yaleyale. Ikifanana na maziwa ya mgando yaliyotiwa rangi, maji yameingia, mara nyingi kupitia bomba la kupozea lililopasuka ndani ya rejeta. Ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, sahani zimekwisha kuathirika, na oili mpya haitarudisha kilicholika. Hapo ndipo kufungua kunapofaa.

Aliyenasa mbugani na achimbe mbele ya magurudumu, atandike matawi au mawe, kisha akanyage eksileta kwa sekunde chache tu. Gari lisipotoka, aiweke liva kwenye N na kuiacha injini iungurume polepole dakika kadhaa, ili pampu ipeleke oili rejetani ipoe kabla ya kujaribu tena.