UKALI WA MWALIMU MGENI: SARUFI YA AMRI KATIKA MABWENI YA WASICHANA YA NYANDA ZA KATI

1.0 Utangulizi

Mwalimu mpya anapowasili katika chuo au shule ya bweni ya wasichana, sifa yake humtangulia kwa neno moja: mkali. Neno hilo huweza kunyamazisha bweni zima ingawa halijataja kosa wala wema wowote. Makala haya yanachunguza maana ya kivumishi -kali pamoja na maumbo ya amri yanayoujenga ukali huo. Hoja inayotetewa ni kwamba ukali wa mwalimu haumo katika sauti na fimbo peke yake, bali pia katika uteuzi wa umbo la kitenzi. Sentensi za mfano zimetungwa kwa ajili ya uchambuzi.

Nyanda za kati za Tanzania zinafaa kwa mjadala huu. Kigogo, Kirangi na Kinyaturu, ambazo ni lugha za Kibantu, zinapakana na Kiburunge cha jamii ya Kikushi na Kisandawe chenye sauti za vidoko. Aidha, mwalimu mgeni si jambo jipya huko: Mvumi, karibu na mji wa Dodoma, wamisionari wa Kianglikana kutoka Australia waliendesha shule ya bweni ya wasichana wakati wa utawala wa Mwingereza. Wasichana wa lugha mbalimbali wanapokutana bwenini, Kiswahili ndicho hubeba uzito wa amri.

2.0 Maana ya -kali

Kivumishi hiki ni cha asili ya Kibantu. Tazama mifano:

(1) (a) kisu kikali
(b) jua kali
(c) mbwa mkali
(d) mwalimu mkali

Katika (1a) -kali ni ubora, kwani kisu kisicho kikali ni butu. Katika (1b) ni kiwango kinachoelemea, na katika (1c) ni hatari. Mfano (1d) una utata: mwalimu huyo aweza kuwa kama kisu au kama mbwa. Matumizi ya vijana, kama vile msanii mkali kwa maana ya msanii hodari, yanathibitisha kwamba upande wa ubora ungali hai. Ikumbukwe pia kuwa upatanisho wa kisarufi hauonyeshi jinsia. Mwalimu mkali aweza kuwa mwanamke au mwanamume.

3.0 Maumbo ya Amri

(2) (a) Fagia!
(b) Fagieni!
(c) Mfagie bweni kabla ya kengele.
(d) Mtafagia bweni kabla ya kengele.
(e) Bweni lifagiliwe kabla ya kengele.
(f) Tufagie bweni kabla ya kengele.

Umbo (2a) humtenga msichana mmoja mbele ya wenzake, na hapo ndipo aibu huanzia. Kiambishi -ni katika (2b) huigawa amri kwa wote. Dhamira tegemezi katika (2c) hupunguza makali bila kuondoa wajibu. Umbo (2d), japo kwa sura ni taarifa ya wakati ujao, ndilo kali kuliko yote hata likisemwa kwa sauti ya chini, kwa sababu linazungumza kana kwamba ukaidi hauwezekani. Katika (2e) mtoa amri na mtendaji wote wametoweka. Hii ndiyo lugha ya ubao wa matangazo. Umbo (2f) humjumuisha mwalimu, lakini asiposhika ufagio, wasikilizaji huligeuza kuwa kejeli.

4.0 Adabu na Adhabu

Maneno haya mawili yametoka katika Kiarabu, kila moja na mzizi wake. Hata hivyo, ukaribu wa sauti umeyafanya yakaribiane kimaana, hata kumtia mtu adabu kukawa tafsida ya kumwadhibu. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zilipunguza idadi ya juu kutoka viboko 6 hadi 4, na kutaka mwanafunzi wa kike aadhibiwe na mwalimu wa kike, isipokuwa pale asipokuwapo. Hivyo, kile ambacho sarufi haikionyeshi, kanuni inakitaja. Mwalimu wa kike anayeripoti shuleni hukuta nafasi ya mwadhibu ikimsubiri, naye huitwa mkali kabla hajatamka lolote.

Watetezi wa ukali husema: Mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini methali hiyo inamtaja mwana, si mkosaji. Inachukulia kwamba uzazi umekwisha kuwapo. Mwalimu mgeni anayeitumia siku ya kwanza anadai haki ya mzazi kabla ya kubeba mzigo wake.

5.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba nidhamu yaweza kudaiwa kwa maumbo ya (2b) na (2c) bila kumdhalilisha yeyote. Inapendekezwa kwamba sarufi ya amri ifundishwe katika vyuo vya ualimu kama sehemu ya mbinu za kufundishia, na kwamba watafiti wakusanye, kwa idhini ya wahusika, mazungumzo ya siku za kwanza za walimu wapya. Katika utafiti huo, asiulizwe mwalimu tu alichokusudia. Aulizwe pia msichana alichokisikia.