Elimu kwa Wenye Vyombo vya Moto: Dalili za Ubovu wa Pikapu za Dizeli na Matengenezo Yake

Pikapu ya dizeli ni tegemeo la riziki kwa kaya nyingi za Tabata. Huleta mbogamboga kutoka masoko ya Ilala na Buguruni, na husafirisha saruji na mbao kwa wajenzi wa Kimanga na Segerea. Inaposimama, kipato cha mwenye gari, dereva na msaidizi wake husimama pia. Hata hivyo, injini ya dizeli ni nadra kufa bila kutoa dalili. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye kuzitambua dalili mapema hulipia filta badala ya kulipia injini.

Namna injini inavyofanya kazi

Injini ya dizeli haitumii cheche za plagi kama ya petroli. Pistoni hubana hewa hadi joto lake lizidi nyuzi 500 za Selsiasi, kisha nozo hunyunyizia dizeli, nayo huwaka yenyewe. Hivyo injini huhitaji mambo matatu: hewa ya kutosha, mafuta safi na mbano kamili. Ubovu mwingi hutokana na kupungua kwa mojawapo.

Mafuta machafu

Katika pikapu nyingi, pampu na nozo hulainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa hayana ulainisho wa kutosha, hivyo dizeli iliyochakachuliwa husaga vipuri hivyo. Ili kudhibiti uchakachuaji, EWURA ilianzisha uwekaji wa vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa. Mnunuzi anashauriwa kujaza mafuta katika vituo vilivyosajiliwa na kudai risiti. Dizeli ya madumu haina dhamana.

Maji nayo huharibu pampu. Filta nyingi za dizeli zina skrubu chini ya kikombe chake: ifunguliwe kidogo, maji yatoke hadi dizeli safi ionekane. Baada ya kubadili filta, hewa iliyoingia kwenye mabomba hutolewa kwa kubonyeza pampu ya mkono hadi iwe ngumu, ndipo injini iwashwe.

Kuchemka kwa injini

Mshale wa joto ukipanda, dereva asimame mahali salama na kuzima injini. Asifungue kifuniko cha rejeta ingali moto, kwa kuwa mvuke humuunguza, wala asimwage maji baridi, kwa kuwa silinda hedi huweza kupasuka. Injini ikishapoa, achunguze mipira ya maji, mkanda wa feni na uvujaji wa rejeta. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ni ishara kwamba maji yameingia ndani, mara nyingi kwa kuungua kwa gasketi. Gari hilo lisiendeshwe. Livutwe hadi gereji.

Lugha ya moshi

Moshi mweusi huashiria hewa pungufu au mafuta kupita kiasi. Filta ya hewa ikaguliwe kwanza, kisha nozo. Moshi wa buluu huonyesha oili inaungua, kwa sababu ya ringi zilizolika au tabo iliyochoka. Moshi mweupe wa asubuhi unaotoweka injini ikipata moto huelekeza kwenye plagi za kupashia joto. Ukiendelea huku maji ya rejeta yakipungua, gasketi ichunguzwe.

Tahadhari wakati wa masika

Maji hayabaniki kama hewa. Injini ikiyavuta kupitia njia ya hewa, huweza kupinda konrodi mara moja. Gari likizimika ndani ya maji, dereva asijaribu kuliwasha tena. Fundi afungue nozo au plagi za kupashia joto, atoe maji, kisha abadilishe oili na filta.

Oili iliyotumika

Oili chafu isimwagwe mitaroni, kwa kuwa hufika Mto Msimbazi na hatimaye baharini. Ihifadhiwe katika madumu yenye vifuniko na kukabidhiwa kwa wakusanyaji wenye kibali.

Kabla ya safari ya kwanza kila asubuhi, dereva akague oili, maji ya rejeta, mkanda wa feni na breki. Kazi hiyo haizidi dakika 10, na hulinda gari, mzigo na maisha ya watumiaji wote wa barabara.