Mafuta Yavujapo Katika Injini ya Ndege Iliyoundwa Nyumbani

Katika nchi ya Marekani wako watu wengi, wasio matajiri wala wahandisi, ambao huunda ndege zao wenyewe. Huzijenga katika banda nyuma ya nyumba, jioni baada ya jioni, hata baada ya miaka kadhaa zikaruka. Chama chao kikubwa kilianzishwa na Paul Poberezny katika mji wa Milwaukee mwaka 1953, na sheria ya nchi ile huwaruhusu, maadamu sehemu iliyo kubwa ya kazi imefanywa na waundaji wenyewe kwa kujifunza au kwa kujifurahisha. Lakini injini haiundwi bandani. Aghalabu hununuliwa, tena iliyokwisha kutumika, kama vile Lycoming O-320 yenye silinda nne na nguvu za farasi 150 au 160. Naye mwundaji akisha kuifunga, mojawapo ya mambo ya kwanza kumsumbua ni mafuta yanayovuja.

Mwenye lori akiona matone ya mafuta chini ya gari lake huongeza mengine na kwenda zake, na injini ikifa hukaa kando ya barabara akingoja msaada. Rubani hana kando ya barabara. Mwaka 1935 Charles Kingsford Smith alikuwa akivuka bahari iliyo kati ya Australia na New Zealand katika ndege yake Southern Cross, yenye injini tatu. Propela ya injini ya kulia ilivunjika, ikabidi injini ile izimwe. Kisha ile ya kushoto ikaanza kuishiwa na mafuta. Mwenzake, P. G. Taylor, alitoka nje katika upepo mkali, akatambaa juu ya mhimili, akakinga mafuta ya injini iliyokufa katika ganda la chupa ya chai, nayo yakapelekwa katika injini iliyo hai. Alifanya hivyo si mara moja bali mara kadhaa, na ndege ikarudi salama ilikotoka. Ndege ndogo ya kuundwa nyumbani huwa na injini moja tu, na hapana wa kutambaa nje.

Basi fundi afanyeje? Wengi, wakiona mafuta kwenye kifuniko fulani, hushika spana papo hapo na kukaza. Hili ni kosa. Ndege ikiwa angani upepo huingia mbele na kutoka nyuma, nao huyachukua mafuta na kuyapaka mahali pasipohusika. Tone lililotoka kwenye sili ya mbele, nyuma ya propela, laweza kuonekana chini ya tumbo la ndege. Kwa hiyo chanzo hutafutwa mbele na juu ya pale palipolowa.

Kabla ya kugusa cho chote, magneto na zizimwe. Hata hivyo propela ihesabiwe kuwa ni kitu hai, maana waya mmoja wa swichi ukikatika injini yaweza kushika moto kwa kuzungushwa kwa mkono tu. Ndipo injini ioshwe kwa dawa ya kuondolea mafuta, huku magneto na jenereta zikifunikwa zisiingiwe na maji. Ikikauka, inyunyiziwe poda nyeupe, ile ile wapakwayo watoto. Injini iwashwe kwa dakika chache, lakini isiachwe kunguruma muda mrefu bila makava yake, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoongoza upepo wa kuipoza. Ikizimwa, fundi achukue taa na kioo kidogo, atazame. Mstari mweusi katika poda utamwonyesha njia, naye aufuate hadi mwanzo wake.

Mara nyingi mwanzo huo ni mahali pa kawaida: gasketi za vifuniko vya vali, mipira ya mirija ipitishayo vijiti vya kusukumia vali, au vipande vya mpira na klampu katika vibomba vya kurudishia mafuta, ambavyo hukauka kwa joto na kupasuka. Haya hutengenezeka kwa gharama ndogo. Gasketi ya zamani iondolewe bila kukwaruza chuma, na kifuniko kipimwe kwa rula ya chuma kama kimepinda, maana aliyekaza mno hapo kwanza huenda ndiye aliyekipinda. Ringi ya shaba ikisha kubanwa mara moja haitumiki tena, itiwe mpya. Bolti zikazwe kwa zamu, upande huu na upande wa pili, kwa spana yenye kipimo, kama kitabu cha injini kisemavyo. Wala asipake gundi ya silikoni kwa wingi akidhani kuwa wingi ni usalama. Ile inayojaa ndani hukatika vipande, ikaenda kuziba chujio la mafuta, na injini ikafa kwa kiu ilhali mafuta yamo.

Lakini iko ajali moja ambayo gasketi mpya haitaiponya, nayo ndiyo yenye kuwachosha waundaji. Katika kila injini hewa kidogo ya moto hupenya kando ya pistoni na kuingia katika sanduku la shafti. Hewa hiyo hutoka kwa bomba la kupumulia. Bomba likiziba, nguvu hujaa ndani na kutafuta mlango mwingine, nao mlango ulio mwepesi ni sili ya mbele ya shafti. Sili hutoka mahali pake, na mafuta humwagika kwa wingi, hata kufunika kioo cha rubani asione kitu. Fundi asiyefahamu hutia sili mpya, na katika safari ya pili hiyo nayo hutoka.

Mwundaji wa nyumbani ndiye hasa wa kujihadhari hapa, kwa sababu bomba hilo amelipitisha yeye mwenyewe. Pengine amelikunja mno, au ameuelekeza mdomo wake pale upepo unapoingia badala ya kutoka. Tena pumzi ya injini ina mvuke. Katika baridi ya juu mvuke huo huganda barafu mdomoni. Dawa yake ni rahisi: tundu dogo hutobolewa ubavuni mwa bomba, juu zaidi, ndani ya kava mlimo na joto, ili mdomo ukiganda injini ipumue hapo. Ikiwa bomba ni safi na bado nguvu ni nyingi, silinda zipimwe. Huenda ringi za pistoni zimechakaa, na hapo kazi si ya gasketi tena.

Wako pia wanaolalamika kwamba tumbo la ndege huchafuka kila siku, kumbe wanajaza kupita kiasi. O-320 huchukua karibu lita 7 na nusu, lakini katika ndege nyingi lita ya juu hutupwa nje kwa bomba la kupumulia, kisha kiasi kikatulia penye lita 6 hivi. Kwa injini ya nguvu za farasi 150 kitabu chaweka mpaka wa karibu nusu lita kwa saa. Ikizidi hapo ndege isiruke.

Bomba jembamba liendalo kwenye saa ya kupimia nguvu ya mafuta lisisahauliwe. Pale linapoanzia kwenye injini pawe na kiungo chenye tundu dogo sana, ili likikatika mafuta yatoke polepole na rubani apate nafasi ya kutua. Tena asiache mafuta yadondoke juu ya bomba la moshi, maana hapo si uchafu tena bali ni moto.

Kazi ikiisha, safari ya kwanza iwe fupi, ndege ikizunguka juu ya kiwanja. Rubani atazame saa mbili: nguvu ya mafuta ikishuka na joto likipanda, atue mara moja. Akitua salama, makava yafunguliwe, poda itazamwe tena, na kiasi cha mafuta kilichopungua kiandikwe katika daftari pamoja na saa za injini.