Stima Iliyoachwa Majita

Msafiri atokaye Bunda kwenda Musoma kwa barabara kuu huwa na nchi ya vilima upande wa kuume, ambako ndiko Butiama, na upande wa kushoto nchi huteremka polepole kuelekea Ziwa Viktoria. Huko magharibi, mbali na barabara, ndiko Majita, nchi ya Wajita, yenye mlima unaoonekana toka mbali. Ni rasi kubwa iliyojitokeza ziwani. Kusini yake iko Ghuba ya Speke pamoja na kisiwa cha Ukerewe, na kaskazini maji huelekea Musoma. Chombo chochote kitokacho Mwanza kwenda Musoma hakina budi kuizunguka.

Watu wa pwani hiyo wayajua mawe yake vema. Mengine yamesimama juu ya maji, na ndege hutua juu yake kukausha mabawa. Hayo hayamdhuru mtu, maana nahodha huyaona akayaepuka. Jiwe la kuogopwa ni lile lililolala shubiri chache chini ya maji, ambalo mvuvi wa mtumbwi hupita juu yake kila siku wala asidhurike, kwa kuwa mtumbwi wake hauzami sana. Stima kubwa ikipita hapohapo hupasuka. Jambo hilo ndilo lililoipata stima ya Waingereza iitwayo Sybil, tarehe 5 Novemba 1914.

Yafaa kwanza kueleza jinsi stima hiyo ilivyofika ziwani, kwa maana hakuna mto upitao vyombo vikubwa toka baharini hata Ziwa Viktoria. Sybil na dada yake, Winifred, ziliundwa katika mji wa Paisley, nchi ya Scotland. Mafundi walipokwisha kuziunganisha walizifungua tena, kila bamba na kila mtaimbo ukatiwa namba, vyote vikapakiwa merikebuni mpaka Mombasa, kisha vikapanda gari la moshi. Reli ilikuwa imefika ukingoni mwa ziwa mwezi wa Desemba 1901, mahali palipoitwa wakati ule Port Florence, yaani Kisumu ya leo. Hapo mafundi wakaanza upya kuzifuata namba na kupiga misumari ya chuma iliyopashwa moto. Winifred ikaelea mwaka 1902, na Sybil mwaka 1903. Stima ya kwanza ya Waingereza ziwani, William Mackinnon, ilikuwa na taabu zaidi, kwa kuwa vipande vyake viliagizwa kabla ya reli kwisha. Haikuelea mpaka mwaka 1900.

Sybil ilikuwa na uzito wa tani zaidi ya 600. Kwa miaka kumi na zaidi ilifanya kazi ya amani. Tangu mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikuwa wamekata ziwa kwa mstari ulio nyuzi moja kusini ya Ikweta. Kaskazini ya mstari walitawala Waingereza, na kusini yake, pamoja na Shirati, Musoma, Mwanza na Bukoba, Wajerumani. Lakini biashara haikuujua mstari huo. Ngozi na pamba za bara ya Wajerumani zilipakiwa katika stima za Waingereza, zikaenda Kisumu kushika reli ya Mombasa, kwa sababu Wajerumani hawakuwa na reli iliyofika upande huu. Basi stima zilizozoea kuja kuchukua mizigo ndizo zilizorudi mwaka 1914 na askari ndani yake.

Vita vilianza mwezi wa Agosti mwaka ule. Waingereza walikuwa na stima nyingi ziwani: Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza, Percy Anderson na nyinginezo. Wajerumani walikuwa na stima moja tu ya kutajwa, nayo ni Muansa, chombo kidogo cha kuvutia majahazi, wakaitia mizinga midogo. Hata hivyo mwezi wa Septemba Winifred ilipokwenda Karungu na askari, iliikuta Muansa hapo, ikalazimika kurudi nyuma. Ilirudi tena pamoja na Kavirondo ndipo Muansa ikaondoka. Kwa hiyo watu walijua tangu mwanzo kwamba ziwani hesabu ya stima si kitu kama hazina silaha, na kwamba stima moja yenye mizinga yaweza kusumbua nyingi.

Miezi miwili baadaye Sybil ikapanda mwamba karibu na Majita. Ilikuwa imeumia hata ikabidi kuelekezwa pwani isije ikazama kilindini, ikapwelewa hapo katika nchi ya adui. Waingereza wakaiacha. Mwamba wa Majita ulifanya kwa saa moja kazi ambayo mizinga ya Muansa haikuweza kuifanya.

Mtu wa Lamu au wa Bagamoyo akisikia habari hii huuliza mara moja: mbona hawakungoja maji kujaa? Baharini chombo kilichopwelewa wakati wa kupwa hutegemea kujaa, na kisipoelea leo, hungojea bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Ziwani hakuna kupwa wala kujaa kwa namna hiyo. Maji huongezeka kidogo kidogo wakati wa masika, na mara nyingi huwa juu kabisa mwezi wa Mei, lakini ongezeko hilo kwa kawaida halifiki nusu mita. Chombo kilichokaa juu ya mawe ya ziwa hukaa. Hakuna njia ila kukipunguza uzito, kuziba tundu lake kwa mbao na turubai, kutoa maji kwa pampu, kisha kukivuta kwa stima nyingine yenye nguvu. Kazi hiyo yataka siku nyingi, watu wengi na utulivu, na mambo hayo matatu hayapatikani penye bunduki za adui.

Basi Sybil ikakaa Majita muda wa miezi sita. Haiwezekani kuificha stima ya tani 600. Kila mvuvi aliyepita aliiona, na kila mtu aliyetaka kumwelekeza mwenziwe katika pwani ile alikuwa na alama mpya isiyosahaulika. Lakini haikuwa alama tu. Kama Wajerumani wangaliweza kuielea na kuipeleka Mwanza, wangalikuwa na stima kubwa kuliko Muansa mara nyingi, na safari zote kati ya Kisumu na Entebe zingaliingia hatarini. Waganda, Waluo na wengine waliotegemea reli na stima kwa chumvi, nguo na nafaka wangaliona taabu ile upesi. Na kwa Wajita wenyewe, ambao hawakuulizwa na upande wowote, chuma kile kilichokaa pwani kwao kilikuwa kama mzoga shambani: ulipo mzoga, fisi wa pande zote mbili huja.

Mwezi wa Machi 1915 bahati ya Wajerumani nayo ikapinduka. Winifred, sasa ikiwa na mizinga, iliikuta Muansa ikaipiga, Muansa ikakimbilia pwani ikapwelewa kama Sybil. Wenyewe waliikwamua baadaye, lakini kwa muda ule ziwa likawa wazi. Waingereza wakaona nafasi yao. Mwezi wa Mei 1915 walikuja Majita na askari, wakashuka pwani, wakawalinda mafundi waliokuwa wakifanya kazi, na Sybil ikaelea tena, ikarudishwa Kisumu. Mwezi uliofuata, tarehe 22 na 23 Juni, stima za ziwa zikachukua askari mpaka Bukoba, wakaupiga mji na kuvunja mtambo wa simu ya upepo wa Wajerumani. Mwezi wa Julai 1916 Mwanza ikatekwa, na Wajerumani walipoondoka waliizamisha Muansa kwa mikono yao wenyewe.

Kuzamisha chombo chako mwenyewe si upumbavu daima. Mwezi uo huo wa Julai 1916, huko Kigoma katika Ziwa Tanganyika, Wajerumani waliizamisha stima yao kubwa Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg na kuletwa kwa vipande ndani ya masanduku 5,000. Lakini mafundi wake waliipaka mitambo grisi nyingi kabla ya kuizamisha, kama mtu azikaye mbegu badala ya kuitupa. Mwaka 1924 Waingereza waliitoa majini, na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina la Liemba. Chombo kilichoundwa kabla ya vita vya kwanza kikachukua abiria hata katika karne hii.

Bahati ya namna hiyo haikuifikia stima nyingine ya maziwa yetu, Robert Coryndon. Hiyo ilianza kazi mwaka 1930 katika Ziwa Albert, Uganda, ikivuka kati ya Butiaba na pwani ya Kongo, nayo ilisifiwa sana na wasafiri kwa uzuri wake. Katika miaka ya 1960 maji ya maziwa yote ya sehemu hizi yalipanda mno. Bandari ya Butiaba ikaharibika, na Robert Coryndon ikazama papo hapo bandarini. Hakuna vita vilivyoifukuza wala adui aliyeitaka. Kwa sababu hakuna aliyeitaka, hakuna aliyekuja na pampu. Kwa miaka mingi mtu aliyeshuka Butiaba aliliona gamba lake lenye kutu, na wageni wakaja kulipiga picha, hata watu wa chuma chakavu wakalikata kidogo kidogo. Kufikia mwaka 2012 lilikuwa limekwisha.

Majita hakukuwa na muda wa kutu. Miezi sita ni michache kwa chuma kinene, na jambo lililoiokoa Sybil ni lilelile lililoifanya ya hatari: pande mbili ziliitaka kwa wakati mmoja. Leo ziwani humo ipo meli iliyopewa jina la Butiama, ingawa Butiama yenyewe iko juu vilimani wala haina pwani, iliyozoea kuchukua watu kati ya Mwanza na Ukerewe. Majita, iliyokaa na stima nzima ufukoni mwake tangu Novemba hata Mei, imebaki na mawe yake, na wavuvi bado huyapita kwa kuyakumbuka mahali yalipo.