Kiatu Kikukae: Vidokezo 10 vya Kuchagua Viatu na Buti za Ngozi Majengo

Kwa mtu wa Majengo, hapa Goma, kiatu kizuri cha ngozi ni chombo cha kazi. Ndicho kinachokupeleka sokoni Birere asubuhi na kukurudisha jioni, Jumapili kinaingia nawe kanisani, na Jumatatu kinadaiwa tena kiende kazini. Pesa ya kukinunua nayo haiokotwi njiani. Kikibana au kikipwaya, hasara inakuwa mara mbili: mfuko umeumia na mguu unaumia. Habari njema ni kwamba kupata kiatu kinachokukaa hakutaki utaalamu mkubwa. Kunataka kipande cha katoni, kidole kimoja, na moyo wa kukataa kuharakishwa na muuzaji. Twende kazi!

1. Mguu kwanza, namba baadaye

Ukiulizwa "unavaa ngapi?", huenda unataja namba uliyoivaa siku ya harusi yako. Lakini mguu wa mtu mzima hubadilika: uzito ukiongezeka, mimba zikipita, miaka ikisonga, wayo hutanuka na hata kurefuka kidogo. Pima upya leo. Weka karatasi sakafuni, kisigino kiguse ukuta, simama wima, kisha tia alama mbele ya kidole kilichotokeza kuliko vyote. Kwa wengine hicho si kidole gumba! Pima ukiwa umesimama, maana mguu uliobeba mwili hutanuka. Pima yote miwili. Ukikuta mmoja umeuzidi mwenzake, usishtuke, watu wengi tuko hivyo. Kiatu hununuliwa kwa kipimo cha mguu mkubwa, na mdogo utatafutiwa soli ya ndani.

2. Hesabu ya haraka, hata kwenye simu

Chukua urefu wa mguu wako kwa sentimita, ongeza 1.5, kisha zidisha kwa 1.5. Mguu wa sentimita 26 unakupa 41.25, kwa hiyo anza na 41. Mguu wa 27 unakupa 42.75, anza na 43. Siri ni kwamba katika namba za Ulaya kila hatua ni theluthi mbili za sentimita. Ila kuwa macho kwenye mitumba, kwa sababu rundo moja lina viatu vya kila pembe ya dunia. Kiatu cha mwanamume kilichoandikwa 8 kwa namba za Uingereza kinakaribia 42, na 8 ya Marekani inakaribia 41. Tena viwanda viwili vyaweza kuandika namba ileile na viatu visilingane, kwa sababu kila kiwanda kina kalibu yake ya kushonea. Namba inakuonyesha uanzie wapi. Wa kuamua ni mguu.

3. Beba mguu wako mfukoni

Hiki ni kidokezo cha wenye haraka, na pia cha mama anayemnunulia mtoto aliye shuleni au mume aliye safarini. Kata ukanda wa katoni wenye upana wa kidole kimoja. Urefu wake uwe urefu wa mguu, halafu ongeza sentimita moja. Ukifika sokoni, uingize ndani ya kiatu mpaka ncha iguse mbele. Ukikunjika, kiatu ni kifupi, kirudishe mezani bila maneno mengi. Ukilala vizuri na nyuma ikabaki nafasi ndogo tu, hapo sasa mnaweza kuanza kuzungumza bei. Kwa mtoto, acha nafasi zaidi kidogo, maana mguu wake hausubiri mwaka wa shule uishe.

4. Nenda mchana, na soksi zako

Asubuhi mguu umelala, umepumzika, hauna tatizo na mtu. Kufikia saa tisa au saa kumi alasiri, baada ya kusimama na kupanda vichochoro, umevimba kidogo. Kiatu kilichokukaa barabara saa mbili asubuhi kinaweza kukufinya saa kumi na moja jioni ukiwa bado njiani. Kwa hiyo jaribu viatu baada ya shughuli za siku. Na uende na soksi utakazovalia: nyepesi kwa kiatu cha ofisini, nzito kwa buti. Kujaribu buti mguu peku halafu kuivalia soksi nene ni kununua kiatu cha mtu mwingine.

5. Vidole vicheze, kisigino kitulie

Hii ndiyo sheria mama. Vaa vyote viwili, funga kamba, simama. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya karibu sentimita moja, na vidole viweze kuchezacheza kama unavyopenda. Sasa geukia nyuma. Legeza kamba, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse: kidole kimoja cha mkono kipite nyuma ya kisigino. Kikipita kwa kusukumwa, kiatu ni kifupi. Vikipita viwili bila shida, kinapwaya. Ukitembea, kisigino kikipanda kidogo tu kwenye kiatu kipya chenye soli ngumu, usiogope. Soli ikizoea kujikunja kitatulia. Lakini kikichomoka kila hatua, malengelenge yanakungoja nyumbani.

6. Usisahau upana!

Wengi tunaongeza namba tukiona kiatu kinabana pembeni. Matokeo yake: pembeni nafuu, nyuma kinachapa kisigino. Shida ilikuwa upana, siyo urefu. Miaka ya 1920, Mmarekani Charles Brannock wa mji wa Syracuse alibuni chombo cha chuma cha kupimia mguu ambacho bado kinatumika katika maduka mengi ya dunia. Kinapima vitu vitatu: urefu wote, upana, na umbali kutoka kisigino hadi pale mguu unapojikunja. Wewe unaweza kukagua hayo bila chombo. Simama kwenye vidole: mkunjo wa kiatu uangukie palepale mguu wako unapokunjika, penye mfupa wa kidole gumba. Mkunjo ukiangukia mbele au nyuma ya hapo, kiatu hakikushonwa kwa mguu kama wako.

Wanasape wetu, wale mabingwa wa mavazi ya kimaridadi, wanalijua somo hili tangu zamani. Viatu vya J.M. Weston wanavyovienzi, kutoka kampuni iliyoanzishwa mwaka 1891 huko Limoges, Ufaransa, hushonwa kwa upana tofauti katika namba ileile. Umaridadi unaanza na kiatu kilichoshika mguu. Mwenye kuchechemea hapendezi, hata suti iwe ya bei gani.

7. "Kitapanuka tu, papa!" Upande gani?

Kila muuzaji ana wimbo huu. Muulize kwa upole: "Kitapanuka upande gani, yaya?" Ngozi halisi hutanuka kwa upana na kufuata umbo la mguu, lakini haiongezeki urefu. Kikikushika kidogo pembeni bila kuuma, kinunue, baada ya wiki chache mtakuwa marafiki. Vidole vikigonga mbele, kiache hata kama bei inakubembeleza. Na kama ni ngozi bandia, usitegemee itanuke. Itapasuka kabla ya kukuhurumia. Ili kutofautisha, ikunje kwa kidole gumba: ngozi halisi hufanya mikunjo midogo isiyolingana, na ukingo wake uliokatwa una nyuzinyuzi. Bandia mara nyingi huonyesha kitambaa chini ya rangi.

8. Soma kamba kama kitabu

Kiatu cha kamba hakifichi kitu. Ukishakifunga, tazama pande mbili zenye matundu. Zikigusana kabisa, mgongo wa mguu wako ni mwembamba kwa kiatu hicho, na kikishalegea hutakuwa na mahali pa kukaza. Zikiachana sana kwa juu kama herufi V, mguu wako umejaa kupita kiasi, na kamba zitakuachia alama. Nafasi ya upana wa kidole, iliyonyooka kutoka chini hadi juu, ndiyo tunayoitaka. Kwa buti, kaza vizuri kwenye kifundo cha mguu. Hapo ndipo buti inapozuia mguu usiteleze mbele.

9. Ijaribu kwa ardhi ya Goma

Sakafu ya duka ni laini na haisemi ukweli. Ardhi yetu ni ya volkano ya Nyiragongo. Mwezi Januari 2002 lava ilipita hadi katikati ya jiji, na tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena ikasimama pembezoni, upande wa Buhene. Mawe yale meusi yanakata soli na kuugeuza mguu wa asiyejihadhari. Muombe muuzaji akutandikie katoni mahali penye mteremko, kisha fanya majaribio matatu. Shuka: vidole visigonge mbele. Panda: kisigino kisichomoke. Simama ukingoni mwa jiwe kwa katikati ya wayo: ukilihisi jiwe lote, soli ni nyembamba mno kwa njia zetu.

Wamotari, ninyi mna jaribio la nne. Kaa kama uko kwenye pikipiki na uinue ncha ya mguu wa kushoto mara kadhaa, kama unabadilisha gia. Ngozi ya juu isikukate vidole. Tena angalia kama sehemu hiyo ina ngozi mbili, kwa sababu ndiyo gia inayoilamba kila siku. Kiatu cha kushoto cha motari huchoka kabla ya mwenzake!

10. Kwenye mitumba, uliza kiatu kilivaliwaje

Kiatu kilichotumika kimeshazoea mguu wa mtu, na alama zake zinaonekana. Kiweke juu ya meza tambarare ukitazame kwa nyuma. Kisigino kilichoisha upande mmoja kitakulaza upande huo. Ingiza mkono ndani: shimo la kidole gumba kwenye soli ya ndani likiwa mbali na kidole chako, mguu wako utapigana nalo kila siku. Kisha geuza chini. Soli iliyoshonwa inaweza kubadilishwa na kordonie wako, yule fundi viatu, mara moja na hata mara ya pili. Iliyogundishwa tu kwa kola ikifunguka itataka kushonewa mapema, kwa hiyo hesabu gharama hiyo ndani ya bei kabla hujatoa pesa.

Na kabla hujaenda kwa kordonie, jua anaweza nini. Anaweza kutanua upana kwa kalibu, kuweka soli ya ndani, kupachika kipande cha kisigino, na kushona soli ya mpira wa tairi inayovumilia mawe yetu. Hawezi kukirefusha kiatu kifupi. Hakuna fundi anayeweza.

Nyongeza: kizoee taratibu

Umeshanunua? Hongera! Usikivae siku nzima kesho. Kivae nyumbani kwa muda wa saa moja kila jioni, siku kadhaa mfululizo, kisha nenda nacho sokoni, ndipo kiende safari ndefu. Kikibana pembeni, valia soksi nene ukitembeatembea ndani ya nyumba. Mvua ikikupata, usikikaushe karibu na mbabula: joto la makala hukausha ngozi ikakakamaa, ikapasuka na hata kusinyaa, na kile kipimo ulichokihangaikia kikapotea. Kijaze karatasi, kiweke kivulini penye hewa, kipumzike hata kwa siku nzima. Vumbi letu jeusi lifute kwa brashi kavu kabla ya kupaka dawa, maana ni chembe za mawe na zinakwangua. Ukiweza kuwa na jozi mbili za kupokezana, kila moja itadumu zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda sokoni tena, kata ule ukanda wa katoni leo jioni, na mpime kila mtu nyumbani. Ukifika kwa muuzaji, vaa viwili, funga kamba, tembea, shuka, panda. Kikikubana hapo, kitakubana hadi Birere, kwa hiyo shukuru na ukirudishe. Kikikukaa, lipa bila majuto. Miguu yako inastahili!