Kilomita za Mwisho Kabla ya Nyumbani

Andiko: Hesabu 20:1–13, Zaburi 106:32–33

Desemba iliyopita nilitoka Mombasa na familia saa kumi na moja alfajiri, tukienda nyumbani Muthetheni. Kufika Voi tulikuwa tunaimba mapambio. Mtito Andei tukala, tukacheka. Malori yalikuwa mengi, lakini nilivumilia. Tulipoacha barabara kuu pale Kyumvi na kupita Machakos mjini, nikasema moyoni, "Sasa tumefika." Hapo ndipo nilipoanza kuanguka.

Tulipita Masii giza likiingia. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, umechoka. Simama kidogo unyooshe miguu." Nikamjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kitinda mimba wetu akauliza tena kama tumefika; nikamfokea mpaka akalia. Nikakanyaga mafuta kwa hasira. Ghafla, mvulana na mbuzi wake wako katikati ya barabara! Nikafunga breki. Gari lilisimama hatua chache tu kutoka kwake. Hakuna aliyeumia. Ni neema tu.

Tujifunze mambo matatu.

1. Uchovu wa mwisho ni hatari. Musa alikuwa amewavumilia Waisraeli karibu miaka 40. Pale Kadeshi alikuwa amemzika dada yake Miriamu, na watu wakaanza kulalamika tena. Mungu alimwambia aseme na mwamba. Yeye akawatukana watu, akaupiga mwamba mara mbili. Zaburi inatuonyesha kwamba mdomo wake ndio uliomponza. Mtu aliyesimama mbele ya Farao bila kuyumba aliteleza karibu na mpaka wa nchi ya ahadi.

2. Matokeo mazuri si kibali. Maji yalitoka, watu wakanywa na mifugo pia. Lakini Musa na Haruni hawakuingiza kusanyiko katika nchi ile. Hata mimi ningeweza kufika na gari zima, huku nyumba yangu imevunjika ndani.

3. Simama kabla hujafika. Nilizima gari kando ya barabara. Nikaomba msamaha kwa mke wangu kwanza, halafu kwa mtoto, wote wakisikia. Haikuwa rahisi, mwanaume hujiona ameshuka. Tukaomba, tukaendelea polepole.

Mwaitu alitoka na taa mkononi. Wajukuu wakamkimbilia, "Susu! Susu!" Akauliza kama kawaida, "Mmefika salama?" Mke wangu ndiye aliyejibu, "Tumefika salama, mwaitu." Kama nisingesimama, jibu hilo lingekuwa uongo.

Ndugu yangu, labda umebakiza miezi michache ustaafu. Labda umemuuguza mzazi miaka mingi na sasa unamjibu vibaya. Labda ndoa imevuka mito mikubwa, lakini siku hizi mnagombana kwa sababu ya chumvi. Usiseme "tumefika" mapema. Zima gari, omba msamaha, kisha uendelee.

Maswali ya kujadili nyumbani
1. Ni nani hubeba hasira yako ukichoka?
2. Ni msamaha gani unaopaswa kuomba kabla ya Jumapili ijayo?

Ombi: Bwana, linda kinywa changu katika kilomita za mwisho. Nisifike peke yangu, nifike na watu wangu. Amina.